Miaka Kumi na Tisa Bila Lipu

Mjomba wangu ni fundi muashi. Ukitoka nyumbani kwetu mpaka barabara kuu, kisha ukakunja kushoto hadi sokoni, kuta nyingi utakazopita zimepigwa lipu kwa mkono wake, na sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba lipu ya mjomba wangu imepasuka. Watu wanamwita Timazi, kwa jina la ile kamba yenye chuma kizito mwishoni ambayo waashi huining'iniza ili kujua kama ukuta umesimama wima. Jina hilo alipewa ujanani, baada ya kubomoa ukuta wa tajiri mmoja, ukuta ambao Mjomba mwenyewe alikuwa ameujenga wiki moja tu kabla. Ukuta ulikuwa umelala upande kwa unene wa kucha. Tajiri hakuwa ameona, na mke wa tajiri hakuwa ameona, ila Mjomba aliona, akaujenga upya kwa mfuko wake. Mwezi ule nyumbani walikula kwa kudunduliza.

Basi mtu huyohuyo, aliyekosa usingizi kwa ajili ya ukuta wa mwenzake, aliishi miaka kumi na tisa ndani ya nyumba yenye kuta za tofali tupu.

Naijua nyumba ile kuliko ninavyoijua sura yangu, maana nililelewa humo. Mama yangu mzazi, dada yake Mjomba, alifariki nikiwa mdogo, na mke wa Mjomba akanichukua. Wao hawakujaliwa mtoto. Huyo ndiye ninayemwita Mama, na nikisema Mama katika maneno haya simaanishi mwingine. Tulihamia pale nikiwa na miaka kumi na mmoja: vyumba viwili, sebule, na uani palipokuwa na bomba, karai na kamba za kuanikia, kwa sababu Mama alikuwa dobi. Paa lilikuwepo, madirisha yalikuwepo, sakafu ilikuwa nzuri ya saruji. Lipu tu ndiyo haikuwepo. Ukiegemea ukuta, unainuka na mgongo mweupe utadhani umelala ghalani kwenye unga. Asubuhi tulikuwa tunakung'uta mito. Masika yakifika tofali zilikunywa maji, na nyuma ya kabati ukungu mweusi ulipanda mpaka usawa wa kiuno. Kila siku niliyokuwa mle nilinusa harufu ya udongo uliolowa, hata kwenye daftari zangu za shule.

Msije mkadhani ni umaskini. Fundi wa lipu hakosi mfuko mmoja wa saruji uliobaki kazini. Tatizo lilikuwa kodi.

Katika mji wetu, kodi ya majengo huanza pale nyumba inapopata hati ya kukamilika. Kila mwaka mkaguzi wa halmashauri anapita na karatasi yake yenye visanduku vinne: paa, madirisha, sakafu, lipu. Kimoja kikikosekana anaandika "bado inajengwa" na anakwenda zake, na nyumba haidaiwi kitu. Hilo kila mtu alilijua. Mtaa wetu wote ulikuwa na vilema vya kukusudia. Kwa mwenyekiti wa mtaa dirisha moja la nyuma lilizibwa kwa bati. Kwa Kinyozi, jirani yetu wa pili, hapakuwa na dari, na mkaguzi wa kwanza alikubali kuihesabu dari kama sehemu ya paa, kwa hiyo Kinyozi alikaa chini ya mabati matupu akichomwa kama mkate. Aliyewaelekeza wote cha kuacha alikuwa Mjomba. Walimjia jioni, wanakaa kwenye benchi letu, wanauliza, "Timazi, mimi niache nini?" Naye anainuka, anakwenda, anaizunguka nyumba, anasema, "Wewe acha sakafu ya jikoni." Hakutoza hata senti. Ilikuwa heshima yake kubwa, na mimi mtoto nilijivuna nikimfuata nyuma.

Kwetu palikuwa na rundo la mchanga mlangoni na ngazi iliyoegemezwa ukutani, ushahidi kwamba kazi inaendelea. Rundo lile liliota nyasi, likaota na mchicha, tukauchuma. Siku ya mkaguzi Mjomba haendi kazini. Anavaa nguo zenye saruji, anakoroga udongo kiasi cha kujaza sufuria, na mkaguzi akitokea anamkuta ameshika mwiko.

"Mzee, bado tu?" mkaguzi anauliza.

"Haraka haraka haina baraka, bwana mkubwa."

Mkaguzi anacheka, anaandika, anaondoka. Mjomba anaumwaga ule udongo kwenye shimo la barabara, na Mama anasema kwamba kama kungekuwa na kodi ya mashimo, mumewe ndiye angekuwa amelipa kuliko wote.

Mkiniuliza kodi yenyewe ilikuwa kiasi gani, siwezi kuwajibu, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Hakuna aliyejua. Tulichojua ni habari ya mwenye duka la vifaa mwanzoni mwa mtaa, aliyemaliza nyumba yake kwa fahari, akaipaka rangi, na mwezi wa tatu akaletewa karatasi ya kodi iliyomfanya akae chini palepale kibarazani. Mwaka uliofuata akauza. Habari hiyo ilizunguka nyumba hadi nyumba, na kila ilipoingia ilitoka imenenepa. Kwamba nyumba ile ilikuwa ya ghorofa mbili na yote imepangishwa, hakuna aliyelitia maanani. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi tuliogopa hata kuuliza, tukidhani anayeuliza kodi anajiandikisha kulipa.

Mama alianza kukohoa nikiwa kidato cha pili. Mwanzoni kilikuwa kikohozi cha masika tu. Baadaye kikawa hakijui masika wala kiangazi. Nilipoolewa na nikaachika, nikafungua duka langu la kuchapa na kutoa nakala karibu na ofisi ya mtaa, nilikuwa napita asubuhi kumwona, na nikiwa bado barabarani namsikia. Mwaka juzi nilimpeleka hospitali. Daktari alisikiliza kifua mbele na nyuma, akauliza kazi yake, akauliza anapika na nini, kisha akauliza, "Nyumba yenu ikoje ndani?"

Nikamweleza.

"Hilo vumbi na huo ukungu ndivyo vinavyomchokoza. Dawa nitampa, lakini mkimrudisha humohumo tunapoteza muda. Pigeni lipu," akasema daktari. Hakujua anamwambia mtoto wa Timazi.

Jioni ile niligombana na Mjomba. Sijawahi kumkosea adabu kabla ya siku ile. Nilimwambia yeye ni mtu wa ajabu, kuta za watu anazipapasa kama mtoto mchanga na mke wake anamwacha avute vumbi. Hakunijibu kwa ukali. Alinikalisha, akanionyesha mikono yake, vidole vimekakamaa kwa saruji.

"Mwanangu, mikono hii imebakiza miaka mingapi?" akasema. "Siku nitakaposhindwa kushika mwiko, kodi itakuja kila mwaka, na tusipolipa nyumba inapigwa mnada. Mama yako nitamlaza wapi? Afadhali akohoe ndani ya nyumba yake kuliko apumue vizuri barabarani."

Mama alikuwa mlangoni. "Mwache Fundi," aliniambia. "Anajua anachofanya." Yeye siku zote alimwita mumewe Fundi, na alilitamka kwa namna ya mtu anayetaja cheo.

Kwa hiyo tulipatana nusunusu: kila masika Mama atahamia kwangu, kwenye chumba changu cha nyuma ya duka, na kiangazi atarudi kwake.

Alikuwa kwangu masika ya mwaka huu rasimu ya bajeti ilipotoka.

Halmashauri ya jiji, kwa ukarimu wake, ilipeleka nakala moja kwa kila ofisi ya mtaa, kurasa sitini na nne, na tangazo kwamba mwananchi anayetaka kusoma ajitolee nakala kwa gharama zake. Mwenyekiti akaniletea. Nilitoa nakala kumi na mbili siku ya kwanza, na kama kawaida yangu sikusoma neno. Miaka minane mikononi mwangu zimepita sheria, wosia, barua za kufukuzwa kazi na za mapenzi, nami nimeangalia tu kama wino umekolea. Ila foleni ya wateja ilikuwa inasoma kwa sauti, na nikasikia.

Tozo ya taka itaunganishwa kwenye ankara ya maji, ukikataa kulipa taka unakatiwa maji. Taa za barabarani zitalipiwa kwenye kila uniti ya umeme, hata kwa sisi ambao barabara yetu haina taa. Na kubwa kuliko yote, ukurasa wa kumi na nane: nyumba yoyote isiyo na hati ya kukamilika itauziwa maji kwa bei ya eneo la ujenzi, ambayo ni mara tatu ya bei ya nyumbani.

"Wametupata," Kinyozi alisema, na kwa mara ya kwanza sikumwona akicheka. "Walikuwa wanatuona siku zote. Walikuwa wanasubiri tu."

Mama alikuwa amekaa nyuma yangu anakunja mashati ya wateja. Maji mara tatu kwa dobi ni sawa na kumwambia afunge kazi. Aliendelea kukunja, akaniuliza, "Hiyo bei inaanza lini?"

"Mwaka mpya wa fedha ukianza. Kama wataipitisha."

"Watapitisha," akasema.

Alasiri wateja walipopungua nilizipanga kurasa zilizoharibika ili nizitumie upande wa pili. Ndipo nikauona ukurasa wa hamsini na moja. Ulikuwa kiambatisho, herufi ndogo, jedwali la mambo yanayofutwa. Mstari wa saba ulisema: *Msamaha uliopo wa kodi ya majengo kwa nyumba iliyokamilika isiyozidi vyumba vitatu, inayokaliwa na mwenyewe, utaondolewa.*

Niliusoma mara moja nikaona haunihusu. Niliusoma mara ya pili nikahisi masikio yanawaka. Nyumba iliyokamilika. Isiyozidi vyumba vitatu. Inayokaliwa na mwenyewe. Ile ni nyumba yetu, na ya Kinyozi, na ya mwenyekiti, na ya karibu kila mtu mtaani. Tungeimaliza, tusingedaiwa chochote.

Nilimtazama Mama. Alikuwa amefika kwenye kola ya shati la mwisho. Niliukunja ule ukurasa nikautia kwenye blauzi.

Nilikaa nao siku mbili. Sitasema nilikuwa natafuta maneno, maana maneno ninayo mengi kupita kiasi, kila anayenijua anajua. Niliogopa. Mtu aliyejenga heshima yake juu ya jambo moja, utamwendeaje umwambie jambo hilo halikuwepo? Siku ya tatu nilimfuata kazini. Kila mtu alikuwa anataka kumaliza nyumba kwa mkupuo, na Mjomba alikuwa kwa mwenyekiti anapachika fremu ya lile dirisha la bati. Nilimpa karatasi. Aliinyoosha mbali na macho, akarudisha karibu, akaninyooshea mimi.

"Nisomee."

Nikasoma.

"Rudia. Polepole."

Nikarudia. Akaweka mwiko juu ya ndoo.

"Unasema upo, au ulikuwepo?"

"Upo, Mjomba. Mpaka wauondoe."

"Tangu lini?"

"Haijaandikwa."

Alitikisa kichwa polepole. Nikaona kitu usoni mwake ambacho sikukitegemea, tumaini. "Labda ni wa juzi," akasema. "Hawa watu kila mwaka wanaweka, wanatoa. Labda wameuweka mwaka juzi tu. Ikiwa ni mwaka juzi, si kitu kikubwa, sivyo?"

"Labda, Mjomba."

"Usimwambie mama yako kwanza. Nataka nijue tarehe."

Mkutano wa kupokea maoni ya wananchi ulifanyika Ijumaa, kwenye ukumbi wa halmashauri. Viti vya plastiki, mikrofoni moja inayopiga mluzi, na mezani watu sita, wanne kati yao wakiangalia simu. Aliyekuwa anajibu ni afisa mapato, mwanamke mwenye sauti ya upole na jalada nene mbele yake. Kila mzungumzaji alipewa dakika mbili. Mwenyekiti wetu alisoma risala. Mwalimu mstaafu alizungumzia haki. Kinyozi alianza kwa utani kwamba ikiwa maji yatapanda, wateja wake watanyolewa kwa mate, watu wakacheka, kisha sauti ikamkatika katikati, akakaa. Mjomba alikuwa wa kumi na moja. Alikuwa amevaa shati lake la misibani.

"Mimi sina maoni," alisema. "Nina swali. Ukurasa wa hamsini na moja, ule msamaha mnaotaka kuuondoa. Ulianza lini?"

Afisa alifungua jalada. Alifungua kwa muda mrefu, na mimi nikiwa nyuma ya Mjomba niliona mkono wake ukibana kiti cha mbele.

"Msamaha una miaka ishirini na sita sasa, mzee," akasema. "Ila waombaji ni wachache mno. Mtaa wenu, kwa mfano," akapitisha kidole, "hajawahi kuomba hata mmoja. Ndiyo maana tumeona wananchi hawauhitaji."

"Kuuomba kulihitaji nini?"

"Hati ya kukamilika tu, na fomu."

"Fomu inauzwa?"

"Hapana, mzee. Bure."

"Ahsante, mama," Mjomba akasema, akakaa.

Katika safu zetu mbili hakuna aliyemgeukia. Wangemtukana, ingekuwa afadhali. Mzungumzaji wa kumi na mbili akapewa mikrofoni, akaanza kulalamikia taka, na mkutano ukaendelea.

Tulirudi kwa miguu. Kinyozi alitembea pamoja nasi mpaka tulipofika kona ya mtaa.

"Timazi," akasema. "Siku ile uliyokuja kwangu ukaniambia nisiweke dari."

"Naikumbuka."

"Mke wangu aliondoka kwa sababu ya joto la yale mabati. Alikuwa na mimba, hakuweza kulala."

"Nakumbuka."

"Basi. Nilitaka tu kuona kama unakumbuka." Akaingia kwake.

Nilitaka kumwambia Mjomba kwamba kosa si lake peke yake. Sisi sote tulikuwa na macho. Mimi nina duka zima la karatasi na sikuwahi kuisoma karatasi iliyotuhusu. Na wao, wenye jalada, kila mwaka walimtuma mkaguzi aje acheke na aandike, wala hawakumtuma hata siku moja na fomu. Nilikuwa na hotuba nzima. Lakini nilipomtazama, nikaona haitamfaa kitu.

Hakwenda kwake. Alikuja moja kwa moja dukani, akakaa kwenye stuli ya wateja. Mama alikuwa anapiga pasi, akaizima alipomwona na shati la misibani, akauliza nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa. Kaa, nikwambie jambo."

Alimwambia lote. Hakupunguza wala hakujitetea, hakutaja mwenye duka la vifaa wala woga wa mtaa mzima. Alisema msamaha ulikuwepo miaka saba kabla hajaweka tofali la kwanza. Alisema fomu ilikuwa bure. Alisema, "Ningepiga lipu mwaka ule wa kwanza, tusingelipa kitu." Mimi nilijifanya natengeneza mashine.

Mama akaanza kuuliza, kwa sauti ndogo, kama mtu anayehakiki orodha ya nguo za mteja.

"Yule mkaguzi angekuta lipu, angeandika imekwisha?"

"Ndiyo."

"Halafu ungejaza fomu."

"Ndiyo."

"Na nyumba isingepigwa mnada."

"Isingepigwa."

"Mimi usiku nikikosa pumzi nilikuwa najiambia, vumilia, nyumba hii ndiyo unayoilipia." Alishika kifua, si kwa kukohoa. "Sasa nilikuwa nalipia nini, Fundi?"

Machozi yalimshuka Mjomba, na hakuyafuta. Sijawahi kumwona hivyo hata siku tulipomzika mama yangu mzazi.

"Nenda kapige lipu," Mama akasema, akawasha pasi.

Jumatatu asubuhi Mjomba alianza. Kazi za watu tisa aliziahirisha, wengine walikuwa wameshampa cha kutangulizia, akakirudisha. Saruji ilikuwa imepanda bei kwa sababu mji mzima unamaliza nyumba, na mchanga wa mlangoni haukufaa tena, umejaa mizizi na uchafu wa paka, akanunua mwingine. Tulitoa vitu vyote uani. Nilimletea maji na chai, na alipokuwa anafanya kazi sikuweza kuzungumza naye. Alirusha udongo ukutani, akauburuta kwa ubao, akaupima kwa pimamaji, akaulainisha kwa mduara mdogomdogo mpaka hapakuwa na alama ya mkono. Pembe za chumba cha kulala alizirudia mara mbili. Nimeona picha za nyumba za mawaziri gazetini, na nasema hapa kwamba hazina pembe kama zile. Alhamisi mchana aliosha mwiko.

Lipu mpya hailali na mtu ndani yake. Inataka kunyunyiziwa maji siku saba ili isipasuke, kisha ikauke. Mjomba alilala uani wiki tatu, chini ya turubai. Mkaguzi alikuja, akaweka alama kwenye visanduku vyote vinne, akataka kutania, akaona uso wa mzee, akaghairi. Hati ikatoka. Fomu ya msamaha niliijaza mimi, na ilichukua muda wa kuchemsha chai. Ilikubaliwa haraka. Bajeti nayo ikapitishwa kama ilivyoandikwa, ila taa za barabarani zilipunguzwa kidogo, na magazeti yakaita hilo ushindi wa wananchi. Msamaha tuliufaidi siku thelathini na nne. Baada ya hapo tukaanza kulipa kama watu wengine, na kiasi chenyewe, nilipokiona, kilikuwa cha kawaida tu. Mtu anayefua mashati angeweza kukilipa.

Kabla ya kumrudisha Mama nilimpitisha kwa daktari. Alisikiliza kifua, akaniita pembeni. Alisema kukaa mahali pasafi ni vizuri, kutamzuia asizidi. Nikauliza kuhusu kupona. Akasema mapafu si ukuta, huwezi kuyapaka upya. Sikumwambia mtu maneno hayo, nimeyaandika hapa kwa mara ya kwanza.

Tulifika saa tisa alasiri. Mjomba alikuwa amefagia, amepanga kabati mahali pake, ametandika kitanda, na alikuwa amesimama katikati ya sebule kama mgeni asiyejua akae wapi. Mama aliingia polepole akinishika mkono, kisha akauachia. Aliweka kiganja ukutani karibu na mlango, akaanza kutembea, kiganja kikiteleza, sebule yote, chumba changu cha zamani, mpaka chumbani kwao. Sisi tulimfuata. Alipofika kichwani mwa kitanda alisimama.

"Ulianza lini?"

"Jumatatu," Mjomba akasema. "Asubuhi."

"Ukamaliza?"

"Alhamisi."

Alihesabu kwa vidole vya mkono mwingine, bila kuuondoa ule uliokuwa ukutani.

"Siku tatu," akasema.

Nilimwomba Mjomba kwa macho anyamaze. Lakini hajawahi kumpa mtu kipimo cha uongo maishani mwake, na hakuweza kuanza siku ile.

"Tatu na nusu."

Mama alitikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei. Kisha kikohozi kikamjia, kilekile, kikamkunja mpaka paji la uso likagusa lipu, na sisi wawili tukasimama nyuma yake tukingoja kipite.